Tupa za Januari

Normand anavua glavu, ananyoosha kiganja:
mikwaruzo minne, myembamba kama nywele,
chini kidogo ya kidole cha shahada.
"Gita hili limeota meno," anasema,
na theluji ya Chicoutimi inayeyuka kwenye viatu vyake,
inatafuta njia kuelekea benchi langu.

Halijaota meno, Normand. Ni mti uliokonda.
Mwezi huu majiko yananguruma usiku kucha,
hewa ya nyumba inakauka kama mkate wa juzi,
na mpingo wa shingo, mgeni wa nchi za joto,
unajikunyata.
Chuma hakijui kujikunyata.
Freti zimebaki na urefu wake wa kiangazi,
ishirini na moja, na kila moja ina ncha mbili,
na kila ncha inangoja kiganja kipite.

Nafungua droo.

Kwanza tupa bapa, ndefu kama mkono wa mtoto,
niliyorithi kwa Réjeanne pamoja na deni la pango.
Hii inasawazisha safu nzima kwa pumzi moja.
Mwaka juzi niliiamini.
Ikateleza kwenye freti ya kumi na mbili,
ikachora mstari mweupe juu ya vanishi
ya gita la mwalimu Thivierge,
nami nikaulipa mstari ule kwa miezi mitatu ya supu ya njegere.
Tangu hapo nikiishika, ni kama inanitazama.

Ya pili ililetwa na posta, imelala juu ya sponji.
Bei yake siitaji, mume wangu husoma ninachoandika.
Mpini wa shaba, mwinamo umekwisha kupimwa,
digrii thelathini na tano, huwezi kukosea hata ukisinzia.
Nzuri. Inafanya kazi bila kuniuliza neno,
na mimi ni mtu wa kupenda kuulizwa.

Ya tatu ni ya pembetatu, fupi, haina mpini;
nimeichomeka kwenye kizibo cha chupa ya mvinyo.
Baba aliinolea msumeno kambini, enzi za magogo.
Jioni moja niliisugua pembe juu ya kinoo
mpaka meno ya pembe ile yakafa,
ikawa laini kama ufizi.
Sasa inauma chuma peke yake;
ubao inaulalia tu, haiuudhi.
Mama alitaka iende na takataka.
Jina lake tupa, lakini haikutupwa.

Naichukua hiyo.

Nabandika utepe wa karatasi pande zote za freti,
nasukuma, nainua, nasukuma.
Sivuti. Anayevuta tupa anaiua meno.
Mara tatu kushoto, mara tatu kulia,
kisha kichwa cha ncha, kwa mviringo,
kama unavyofuta mdomo wa mtoto asiyetaka kufutwa.
Vumbi la chuma linang'aa kwenye kucha zangu.

"Si kuna mashine?" anauliza Normand,
ambaye ni dereva wa greda la theluji la manispaa.
Namuuliza yeye: ngazi za mama yako
unazisafisha kwa greda?
Anacheka, anakohoa, anatafuta pa kukaa.
Hapana pa kukaa.

Saa moja na nusu. Msasa namba mia nne, kisha mia nane,
kisha pamba ya chuma, kwa heshima.

Halafu natoa soksi ya nailoni ya mama,
ile ya Jumapili; ya mguu wa pili sijui iliko.
Vidole vyangu vina sugu, vinadanganya.
Soksi haijui kudanganya.
Naivisha mkono, naushusha taratibu ukingoni mwa shingo:
ya kwanza, kimya.
Ya nne, kimya.
Ya saba.
Kwenye ya tisa uzi mmoja unanasa,
sauti ndogo, ndogo kuliko kiberiti kilichokataa kuwaka.

Narudi kukitafuta kizibo.
Normand, aliyekwisha kuvaa glavu moja,
anaivua tena.